Vijiji vimegawiwa mapato ya wanyamapori. Kalamu imebaki kwa nani?

#1 Mrufiji wa Mbagala (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu juzi.

Juzi saa tano na nusu usiku mama kanipigia simu kutoka kijijini. Nimetoka kufunga kibanda changu hapa Rangi Tatu, nasikia kwenye simu madebe yanapigwa, watu wanapiga mayowe, na mama anasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wameingia." Hakuwa na haja ya kusema nani. Sisi tuliotoka kusini ya mto Rufiji, msimu wa mpunga kukomaa, tukisikia "wameingia" tunajua ni tembo. Kulipokucha, ekari mbili kati ya tatu zilikuwa zimelala chini. Zilibaki wiki mbili tu kuvuna. Mama mzima, na kaka yangu aliyekuwa kwenye dungu mzima. Alhamdulillahi.

Shamba hilohilo liliingiliwa mwaka juzi. Tukajaza fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa aliyeharibiwa shamba na wanyama. Bwana shamba alikuja upesi, wa wanyamapori akaja siku ya kumi, nyayo zimeshanyeshewa na mvua. Mpaka leo hatujaona senti. Ofisi siitaji, sikuja hapa kumchongea mtu.

Nimekuja na swali. Kijiji chetu kimo ndani ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, hizi wanazoziita WMA. Nilikuwa mtoto wa shule siku ile wageni walipokuja na gari mbili, tukakusanywa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Tukaambiwa tutenge msitu wetu wa upande wa magharibi, tusilime, tusikate, tusichunge, na tangu siku hiyo "wanyama ni wenu". Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akasimama akauliza: "Wakiwa wetu, tunaweza kumkataa mgeni anayekuja kuwawinda?" Akajibiwa kwamba hilo litaelezwa kwenye semina. Semina zilikuja nyingi. Swali la mzee halikuwahi kujibiwa.

Nimekaa nikasoma kidogo. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ndiyo iliyosema wananchi washirikishwe na wanufaike. Kanuni za WMA zikatoka 2002, na 2003 yakaanza maeneo 16 ya majaribio. Leo zipo jumuiya zaidi ya 20 zenye haki ya matumizi, kuanzia Enduimet na Burunge kule kaskazini, Ikona jirani ya Serengeti, Ipole ya Tabora, mpaka Mbarang'andu ya Namtumbo na kwetu Rufiji. Ardhi ni ya vijiji, siyo ya serikali kuu. Hiyo si kazi ndogo na siibezi.

Lakini angalieni neno lenyewe: "haki ya matumizi". Nani anaitoa? Inatoka juu. Nani anaweza kuifuta? Ni hukohuko juu. Mwekezaji akipatikana, mkataba wake unapita mezani kwa nani kabla haujawa mkataba? Sisi tumegawiwa asilimia za mapato. Kalamu, yaani uwezo wa kusaini au kukataa, hatukupewa. Na mimi naona bila kalamu hata zile asilimia haziwezi kulindwa, kwa sababu mtu asiyeweza kukataa hana namna ya kudai.

Naomba tujadili kwa staha. Wenye uzoefu karibuni.


#2 Kijana wa Tandika

Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Nimeweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.


#3 Mstaafu Ukonga

Kijana wangu, pole kwa mpunga wa mama. Nimefanya kazi ya wanyamapori miaka 31, nimelala kwenye hayo mapori unayoyasema, na ofisi yetu kubwa enzi zile ilikuwa hapahapa Dar, Mpingo House, barabara ya Pugu ambayo leo mnaiita Nyerere. Nitasema ninachokijua.

Kwanza, mnyama hana kijiji. Tembo aliyelala shambani kwa mama yako leo, mwezi ujao yuko Liwale, na baadaye unamkuta anavuka Ruvuma kwenda Niassa ya Msumbiji. Ukimpa kila mwenyekiti wa kijiji kalamu ya kuamua juu ya tembo huyo, vijiji ishirini vitaamua mambo ishirini, na tembo mmoja hawezi kugawanywa ishirini.

Pili, mmesahau mapema. Mwaka 2009 hesabu ya tembo nchi nzima ilikuwa kama 109,000. Sensa ya 2014 ikakuta 43,330. Ndani ya miaka mitano! Mimi niliokota mizoga ile. Jangili hakuingia porini kwa ndege. Alilala kwenye nyumba ya mtu kijijini, alikula ugali wa mtu, alionyeshwa njia na kijana aliyezaliwa palepale.

Tatu, na hili naliandika kwa uchungu, baadhi ya jumuiya tulizozilea sisi wenyewe viongozi wake walizila zikabaki mifupa.


#4 Mrufiji wa Mbagala

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umekuja, maana mijadala hii mara nyingi wenye kujua wanakaa kimya.

Hizo takwimu nakubaliana nazo, na zinaniuma kama zinavyokuuma wewe. Ila mzee, tufuate hizo pembe zilikokwenda. Novemba 2013 yalikamatwa meno 706 ndani ya nyumba moja Mikocheni, yamefichwa kwenye magunia ya vitunguu saumu. Mikocheni, mzee, si Mloka wala Kisaki kule porini. Na aliyeitwa malkia wa pembe za ndovu alihukumiwa mahakama ya Kisutu, Februari 2019, miaka 15, kwa vipande 860. Kijana wa kijijini alionyesha njia, sawa, lakini mzigo ulipita mjini kwetu, barabarani kwetu.

Sasa tazama nani alipigwa. Oktoba 2013 ilipoanza Operesheni Tokomeza ya kusaka majangili, watu waliokuja kulia kwenye taarifa za Bunge walikuwa wakulima na wafugaji. Wapo waliokufa, wapo wanawake waliodhalilishwa, ng'ombe wakapigwa risasi. Desemba ya mwaka uleule mawaziri wanne wakaondoka kwa sababu hiyo. Kama kijiji kingekuwa na mamlaka ya kweli, kingekuwa mshirika kwenye operesheni ile. Kilichotokea ni kwamba kiligeuzwa mtuhumiwa.

Na nikuulize kwa heshima, mzee: yule kijana aliyeonyesha njia, angepata nini kama angekwenda kutoa taarifa?


#5 Mstaafu Ukonga

Swali lako nimelisoma mara mbili. Nitakujibu ukweli: wakati ule angepata tabu. Angewekwa ndani siku tatu "asaidie upelelezi". Najua kwa sababu niliona.

Na niongeze lingine ambalo wenzangu wengi hawapendi kulisema. Taarifa nzuri kuliko zote nilizopata kazini sikuzipata kwa askari wetu wenye sare. Nilizipata kwa askari wa vijiji, wale VGS, vijana waliokuwa wanatembea na viatu vilivyotoboka, na posho inakaa miezi bila kufika.


#6 Mlimani Sheria

Naomba niingie kwa upande wa sheria, maana hapa ndipo penye fundo.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inasema wanyama wote nchini ni mali ya umma na wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo Na. 5 lakini ya 1999, inasema ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa yanaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo tembo anaposimama shambani kwa mama wa mleta mada, miguu yake minne iko kwenye sheria moja na mwili wake uko kwenye sheria nyingine.

Wengi hapa hawaelewi kwamba nchi yetu hiihii ilishawahi kutoa kalamu, ila kwenye miti. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kutunga mpango wa uvunaji, kuuza mbao na kubaki na fedha yote ya mauzo. Nendeni Kilwa. Vijiji vya kule vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha msitu unaovunwa bila kuharibiwa, kwa ajili ya mpingo mwaka 2009, na fedha ya magogo inajadiliwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wanabishana wajenge darasa au zahanati. Ubishi ule ndio utawala wenyewe.

Sasa chukua msitu huohuo mmoja. Mpingo uliosimama pale kijiji kinauuza chenyewe. Swala aliyelala chini ya kivuli cha mpingo huo, kijiji hakiwezi kumgusa wala kumuuzia mtu bila ruhusa kutoka juu. Tofauti hii haikuletwa na tabia ya swala. Imeletwa na thamani yake: mwindaji wa kitalii analipa dola, na dola ina wapenzi wengi kuliko gogo.


#7 Mbeba Hoja wa Sinza

Mimi nitapinga, msininunie. Dhahabu ya Geita ni ya Watanzania wote, gesi ya Mtwara ni ya Watanzania wote. Kwa nini tembo wa Rufiji wawe wa Warufiji? Mimi hapa Sinza ninalipa kodi inayolipa mishahara ya askari wa porini. Na mapato ya utalii ndiyo yanayoleta dola za nchi nzima. Tukianza hivi kila mtu atadai chake.


#8 Mndengereko

Mbeba Hoja, dhahabu haitoki usiku kuja kula mtoto.

Nisamehe kwa ukali, ila nimeishi. Kati ya 2002 na 2004 kule kwetu Rufiji simba walikula watu mpaka watu wakaacha kwenda kisimani peke yao. Simba mmoja tu anahesabiwa kuua watu kama 35 kabla hajapigwa Aprili 2004. Watafiti walipokusanya hesabu za nchi nzima kuanzia 1990 mpaka 2004 walikuta watu zaidi ya 563 wameuawa na simba, na wengi ni wa huku kusini, Rufiji, Lindi, Mtwara.

Na sababu waliyoitaja ndiyo ileile wazee wetu waliyokuwa wanaisema: nguruwe pori. Nguruwe anaingia shambani, mkulima anajenga dungu alale kulinda, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima amelala kwenye kijumba cha makuti. Ukiwapunguza nguruwe, umempunguza simba shambani. Kwetu Waislamu wengi, nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa kitoweo. Kijiji kingekuwa na mamlaka ya kupanga chenyewe msako wa nguruwe kila mwanzo wa msimu, kwa silaha halali na mtu wa kusimamia, bila kusubiri kibali kitembee kwenda na kurudi, wangapi wangekuwa hai leo? Mimi nina shangazi kwenye hesabu ile.

Kumbe mamlaka ninayoizungumza siyo hata ya tembo na dola. Ni ya nguruwe.


#9 Mrufiji wa Mbagala

Mndengereko, ndugu yangu, Mungu amrehemu shangazi. Umenikumbusha mambo.

Mbeba Hoja, hoja yako ni nzito na sitaki kuikimbia. Wanyama ni urithi wa wote, nakubali. Ila gharama siyo ya wote. Wewe na mimi tunalipa kodi sawasawa, halafu mama analipa tena kwa mpunga. Kanuni za kifuta jasho za 2011 ziliweka shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano, na shamba lililo ndani ya mita 500 halikuwekewa kitu kabisa. Kifuta machozi cha mtu aliyeuawa kiliwekwa shilingi 1,000,000. Hata jina lenyewe linakwambia. Wanafuta jasho, wanafuta machozi. Fidia hawakusema.


#10 Dereva wa Masafa

Salamu kutoka Tunduma, nimepanga foleni mpakani nina muda wa kuandika.

Mimi napeleka mzigo Lusaka na Harare mwaka wa kumi na tano. Ukivuka Chirundu kuingia Zimbabwe, tembo unawaona barabarani kama mbuzi wa Gairo. Bonde lile la Zambezi ndiko ilikoanzia CAMPFIRE, mpango wao wa wenyeji kunufaika na wanyamapori, mwaka 1989, wilaya za mwanzo Nyaminyami na Guruve. Niliwahi kukaa siku nne pale nikisubiri spea, nikaongea na mzee mmoja wa kijiji. Alinieleza kitu sikukisahau. Sheria yao ya 1975 iliwapa wenye mashamba makubwa, yaani wazungu, mamlaka juu ya wanyama waliomo mashambani mwao. Walipopata uhuru, 1982 wakarekebisha na wao weusi wapate. Lakini mamlaka hayakufika kijijini. Yaliishia halmashauri ya wilaya. Halmashauri ndiyo ilikuwa inaingia mkataba na mwindaji, halmashauri ndiyo ilikuwa inapokea, halafu inagawa. Mwaka halmashauri ikiwa na shida ya mishahara, mzee yule alikuwa hapati kitu. Akasema, "Mzungu alipewa mkononi, sisi tulipewa kupitia dirishani."

Namibia ni habari nyingine. Nimefika Katima Mulilo mara mbili. Wao walibadilisha sheria 1996, na 1998 zikaandikishwa jumuiya za kwanza nne, leo zimefika 86 na zimeshika kama sehemu ya tano ya nchi. Ardhi ile kisheria ni ya serikali, siyo ya kijiji kama yetu. Lakini jumuiya yenyewe inasaini na mwekezaji, fedha inaingia akaunti ya jumuiya moja kwa moja, na inabaki yote. Yaani wao wana ardhi dhaifu na kalamu yenye nguvu, sisi tuna ardhi yenye nguvu na kalamu ya kuazima.

Ila msidhani Namibia ni peponi. Huko nako kuna vijiji vinalia tembo, na kuna jumuiya ambazo hazina mwekezaji hata mmoja.

Na kuna kalamu nyingine iko mbali zaidi ya Dodoma. Aprili 2014 Marekani ilizuia raia wake kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Mtu mmoja ameandika karatasi Washington, na kijiji kinachotegemea kitalu cha uwindaji kimepoteza wateja. Botswana walipofungia uwindaji 2014 vijiji vyao vilikosa kipato na nyama, wakaufungua tena 2019. Rais wao alipochoka na kelele za Ulaya, 2024 akasema atawapelekea Wajerumani tembo 20,000 waishi nao. Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nimeona mashamba ya kule.

Foleni imesogea. Nitarudi.


#11 Mama wa Chamazi

Nimesoma wote kimya kimya, nikasema leo na mimi niseme. Nilikuwa mjumbe wa jumuiya moja miaka sita, miwili nikiwa mtunza hazina. Jina la jumuiya naliacha, wahusika wana watoto.

Mzee Mstaafu amesema viongozi walizila. Ni kweli. Lakini naomba mjue zinavyolika.

Fedha ilikuwa haiji kwa mwezi unaoujua. Mwindaji analipa serikalini, serikali inakata sehemu zake na za wilaya, ndipo yetu inashuka. Mwaka mmoja ilishuka msimu ukiwa umeisha na askari wetu wa vijiji hawajalipwa miezi saba. Wewe mtunza hazina unakopa duka la mchele kwa jina lako ili vijana waende doria. Fedha ikifika, kwanza unalipa madeni. Kinachobaki, kanuni inataka angalau nusu iende vijijini, na sehemu iende kwenye uhifadhi. Lakini kuna kikao cha kupokea fedha, kina posho. Kuna kikao cha kugawa fedha, kina posho. Anakuja mgeni wa wilaya kushuhudia, ana mafuta ya gari. Vijiji tulikuwa vingi, kila kimoja kikaondoka na kiasi ambacho hakitoshi kuezeka choo cha shule.

Sasa mwanakijiji anaangalia. Haoni risiti, haoni mkataba, hajui kitalu kimeuzwa shilingi ngapi. Anachoona ni mwenyekiti wa jumuiya amenunua pikipiki. Hata kama aliinunua kwa korosho zake, nani ataamini?

Niliwahi kusimama kwenye kikao nikaomba taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni kila kijiji, kwa Kiswahili, tarakimu zote. Niliambiwa mama wewe unataka kuleta siasa. Kipindi kilichofuata jina langu halikurudi.

Kwa hiyo mwanangu Mrufiji, mimi niko na wewe juu ya kalamu. Lakini uangalie ikitoka Dodoma isije ikashikwa na watu watano wa jumuiya wakaifungia kabatini. Kalamu ikae kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu, wanawake tuwemo, na tunaolima karibu na mpaka tuwe wa kwanza kusikilizwa. Wanaolima mbali na pori ndio wengi kwenye vikao, na hawajawahi kupiga debe usiku hata siku moja.


#12 Kijana wa Tandika

Mama shikamoo. Hii #11 isomwe na kila mtu.


#13 Mzaliwa wa Loliondo

Mimi nafanya biashara Kariakoo, kwetu ni Loliondo. Sitaandika sana, moyo hauruhusu.

Juni 2022 serikali ilipoweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500, baba yangu alikuwa na umri wa miaka 74. Eneo lile tulichunga na nyumbu na pundamilia tangu babu zake, na hatuli nyamapori. Wanyama walikuwepo kwa sababu tulikuwepo sisi. Mwaka uleule likatangazwa pori la akiba, mfugaji akiingia ni mhalifu. Na Ngorongoro watu wamehamishiwa Msomera, kule Handeni.

Mlimani Sheria amesema ardhi ya kijiji inasimamiwa na kijiji. Sisi tulikuwa na vijiji vilivyoandikishwa. Ninyi wa Rufiji mnaogopa kwamba kalamu yenu ni ya kuazima. Mimi nawaambia hata hiyo ardhi ishikeni vizuri. Wami-Mbiki, hapo jirani tu ukitoka Dar, ilianza kama jumuiya ya vijiji, watu walitenga ardhi yao kwa hiari. Leo ni pori la akiba chini ya TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori.


#14 Mlimani Sheria

Mzaliwa wa Loliondo, pole. Mfano wa Wami-Mbiki ni muhimu kuliko unavyoonekana. Jumuiya ile iliyumba baada ya wafadhili kuondoka, mifugo na wakata mkaa wakaingia, na serikali ikasema vijiji vimeshindwa. Lakini ni nani aliyeshindwa, kijiji ambacho hakikuwa na mamlaka kamili ya kukamata wala kodi ya kuendesha doria, au mfumo uliokiachia mzigo bila nyenzo? Kushindwa kulikotengenezwa na mfumo hakupaswi kuwa sababu ya kuchukua ardhi.

Kuna la pili. Kijiji kikishaingia kwenye WMA, kutoka ni shida. Minjingu kule Babati kilisema wazi hakitaki kuwemo ndani ya Burunge, kikakuta mlango wa kutokea siyo kama ule wa kuingilia. Uhiari wa upande mmoja siwezi kuuita uhiari.


#15 Mbeba Hoja wa Sinza

Nimesoma #8, #11 na #13. Bado naamini wanyama ni wa taifa zima, hapo sijahama. Ila nakiri sikuwahi kufikiria kwamba anayelinda urithi wa taifa usiku ni mama mwenye debe. Mndengereko, samahani kwa ile ya dhahabu.


#16 Mstaafu Ukonga

Mama wa Chamazi, nakuamkia kwa heshima. Ulivyoeleza ndivyo ilivyo.

Nirekebishe nilichoandika mwanzo. Niliposema vijiji ishirini haviwezi kuamua juu ya tembo mmoja, nilikuwa nawaza idadi ya kuwinda. Hiyo naendelea kusema ibaki kwa wataalamu wenye kuhesabu kutoka juu, maana tembo anavuka mipaka. Lakini nani awe mwekezaji, alipe nini, lini, afukuzwe akikiuka, barabara yake ipite wapi, mashamba yapi yazungushiwe mizinga ya nyuki au kamba za pilipili, nguruwe wasakwe lini: hayo yote hayahitaji Dodoma. Tuliyang'ang'ania kwa mazoea. Wajerumani walipobana uwindaji wa wenyeji na kutenga mapori ya kwanza 1896, moja likiwa hapohapo Rufiji, walimwita mwenyeji jangili. Waingereza wakaendeleza. Sisi tukarithi ofisi pamoja na macho yake.

Kijana, mkataba wa mwekezaji wenu umewahi kuusoma?


#17 Mrufiji wa Mbagala

Mzee, sijawahi. Na nikiri, sijawahi hata kuuliza. Ijumaa napanda basi la asubuhi.


#18 Mrufiji wa Mbagala

Wakuu, nimerudi, zimepita wiki kadhaa. Nimeleta mrejesho.

Nimemkuta mama anavuna ile ekari moja iliyobaki. Mtendaji wa kijiji ni mtu mwelewa, alikubali hoja yangu iingie kwenye mkutano mkuu. Niliuliza swali moja tu: nakala ya mkataba wa kitalu iko wapi? Ofisi ya kijiji haina. Ofisi ya jumuiya walisema ipo moja, imefungiwa, mwenye ufunguo kasafiri. Mkutano ukapitisha kwa kunyoosha mikono kwamba nakala iletwe kijijini ndani ya siku 14. Akina mama wa upande wa mpakani walinyoosha mikono yote miwili, mwenyekiti akawaambia mmoja unatosha.

Imeletwa siku ya kumi na sita. Ni ya Kiingereza chote, kurasa 38. Mlimani Sheria amejitolea kukaa nami Jumamosi mbili pale Mwenge tukaifasiri, Mungu ambariki. Tumefika kifungu cha kuvunja mkataba. Wenye uwezo wa kuuvunja ni waliosaini: kampuni na jumuiya, tena jumuiya mpaka ipate idhini ya juu. Kijiji hakikusaini. Kijiji kimetajwa kwenye ukurasa wa ramani tu, kama jina la mahali.

Yule mzee aliyeuliza swali chini ya mwembe bado yuko hai, macho ndiyo yamemwisha. Jana jioni nimempigia simu nikamsomea kifungu hicho kwa Kiswahili. Alinyamaza kidogo, akaniambia nirudie polepole, na safari hii niseme na namba ya ukurasa.